Papai ni Tunda Tu

Chaani, Changamwe
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Jumwa,

Sikusalimu, maana salamu ni za watu wanaoheshimiana. Nimekupigia simu mara saba tangu juzi, hupokei. Basi naandika, kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani, na barua nampa binamu yetu Ruwa. Gari lake la mkate liko Junda kila asubuhi, hawezi kukukosa penye karai lako la viazi.

Nataka uniambie nilikukosea nini. Jumamosi nilikuwa na wageni arobaini uani kwangu. Wamekuja kumposa Purity, binti yangu wa pekee, na pombe ya mnazi wamebeba wenyewe kutoka kwao, madumu manne. Mila ya nyumba yetu unaijua kuliko mimi. Mnazi wa posa hauguswi na mwanamume yeyote mpaka shangazi wa binti auonje, aseme ni salama, kisha ampe binti mrija. Shangazi ni wewe. Sina dada mwingine. Kibuyu kikaletwa, mrija ukatiwa. Nawe ukakitazama, ukakisukuma kando kwa kiganja, ukainuka ukaenda zako bila neno.

Unajua maana yake. Uliwaambia wale watu wametuletea sumu. Umewaita wachawi mbele ya wake zao. Mzee Mwarandu, baba wa kijana, aliniuliza mara moja tu, "Changawa, dada yako ameona nini humu ndani?" Nikakosa jibu, mtu mzima na mvi zangu, nyumbani kwangu. Wakabeba madumu yao wakaondoka. Purity hali. Felix, mchumba wake, anampigia kwa kujificha, maana kwao wamemkataza kukanyaga hapa.

Nataka jibu, na liwe jibu la maana.

Kaka yako,
Changawa


Junda, Kisauni
Jumatano, 12 Novemba 2025

Kaka Changawa, shikamoo.

Mimi nakusalimu, hata kama wewe umeninyima. Sikumwita mtu mchawi. Jino lilikuwa linaniuma, gego la upande wa kushoto, na mnazi una uchachu. Ningeunywa ningepiga kelele mbele ya wageni wako. Niliondoka kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka Purity ayaone siku ya furaha yake.

Habari ni hiyo tu. Mwambie Mzee Mwarandu kwamba kuumwa jino si tusi. Na kwa kuwa umeniandikia kwa ukali, nami nikwambie langu. Mwenye nyumba ulikuwa wewe. Badala ya kukosa jibu ungeinuka ukanifuata mpaka mlangoni ukaniuliza, Jumwa, una nini? Ulikaa. Watu arobaini walikaa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mwanamke anayetoka amejishika shavu huenda anaumwa.

Simu sipokei kwa sababu hiyo hiyo, kusema kunaniumiza. Msalimie Purity, umwambie ale.

Dada yako,
Jumwa


Chaani
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Jumwa,

Nilimpelekea Mzee Mwarandu jino lako, nikarudi nalo. Hakulitaka.

Sikiliza mambo yalipofika. Mke wangu Gladys alikuwa amekaa ubavuni pako siku ile, akaona ulimi wako na midomo kwa ndani ni ya zambarau. Kwanza alidhani umekula zambarau njiani. Kumbe na wake wa kina Mwarandu waliona, na wao hawakufikiria matunda. Sasa neno limegeuka. Hawasemi tena kwamba uliwaita wachawi. Wanasema mchawi ni wewe. Kwamba ulipakwa dawa mdomoni na mganga uje umpulizie binti asiolewe, na kibuyu kilipofika ukaogopa, kwa sababu dawa ile na mnazi wa posa havikai mahali pamoja. Wanataja mvi zako. Wanataja mumeo marehemu Karisa, alivyokonda hadi akafa bila watu kuambiwa sababu. Wanataja hata viazi vyako, kwamba siku hizi huonji unachopika, unawauliza wateja kama chumvi imetosha. Wanauliza, mpishi asiyeonja chakula chake anajua kimetiwa nini?

Na kwetu unajua mwanamke akishatajwa hivyo, hakuna polisi anayewahi kufika.

Kwa hiyo nimekubali kwa niaba yako. Jumamosi tarehe 13 Desemba, kwa Mzee Mramba, anayelisha watu viapo, utakula kiapo cha papai. Kipande kimoja kilichosomewa, mbele ya pande zote mbili. Mwenye hatia mdomo humuwaka na koo likafunga, akakitema. Asiye na hatia hula akajipangusa. Usinione mbaya, hii ndiyo njia ya kukulinda na ya kumwokoa Purity. Kama huna hatia, papai ni tunda tu.

Changawa


Junda
Jumatano, 19 Novemba 2025

Kaka,

Shikamoo yako ya leo ingoje kwanza.

Umekubali kwa niaba yangu. Kinywa ni changu na koo ni langu, wewe umekubali. Basi wacha nikwambie ulichokubali.

Jino halipo, nilikudanganya. Nina virusi vya Ukimwi. Mwaka huu ni wa kumi na moja, tangu Karisa alipolazwa wakanipima na mimi. Hicho ndicho kilichomkondesha, na aliniapisha nisiseme. Miaka kumi nilimeza kidonge changu kila siku baada ya chakula, na hakuna aliyejua. Nilinenepa, nikakaanga viazi, nikacheza kwenye harusi zenu mpaka viatu vikakatika. Virusi vilikuwa vichache hadi kipimo hakivioni. Nilikuwa mzima kuliko wewe na presha yako.

Kwenye kituo ninachochukulia dawa tulikuwa na chumba chetu, nyuma kule, na mlango wake. Mwaka huu wakakifunga. Wakasema fedha za wafadhili zimekatika, sasa wote foleni moja, barazani, pamoja na wenye malaria na watoto wa chanjo. Ingekuwa foleni tu ningesimama. Lakini pana karani ana sauti ya mnadani. Mwezi wa saba nimefika, namsikia, "Wale wa dawa za kila siku, upande huu." Na benchi la mbele amekaa mama Lynnette wa kwaya, rafiki wa Gladys. Nikajifanya naulizia choo, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Sikwenda. Hilo ni kosa langu na simsingizii mtu, lakini yule karani nitamkumbuka.

Mwezi wa tisa mdomo ukaanza. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavuni, kama tui lililoganda, na ukiukwangua panatoka damu. Ladha ikapotea, ndiyo maana nikawauliza wateja chumvi. Nikigusa ukwaju nalia. Kituoni naogopa, nikaenda duka la dawa, nikasema ni vidonda vya joto, wakaniuzia dawa ya maji ya zambarau nipake. Huyo ndiye mganga wangu, Kaka. Ana kaunta na koti jeupe.

Mnazi ungeniunguza, lakini kwa Purity ningevumilia. Nilichoshindwa ni mrija. Ningeutoa mdomoni umeshika rangi, na baada yangu ni Purity, na Felix, na wazee. Najua virusi havipiti kwenye mrija, tumefundishwa mpaka tumechoka. Lakini nilijua pia kwamba siku watakapojua, watasema niliwanywesha. Ndipo nikakisukuma kibuyu.

Sasa maumivu yameshuka kooni. Mate yangu mwenyewe nayameza nikiwa nimeshika meza. Uji unakwama kifuani. Na wewe unataka nile papai mbele ya watu. Nitalitema, Kaka. Si kwa uchawi, kwa maumivu. Wazee watatikisa vichwa waseme papai limesema. Halafu nini? Nijibu wewe unayeinua makontena bandarini: halafu nini kwa mwanamke mwenye mvi anayelala peke yake Junda?

Utauliza kwa nini sikukwambia miaka yote hii. Unamkumbuka Mwangi, mpangaji mwenzenu wa zamani? Ilipojulikana kwamba anao, ulisema mbele yangu, ukiwa unakula, atafutiwe choo chake.

Usimwambie mtu yeyote.

Jumwa


Chaani
Ijumaa, 21 Novemba 2025

Dada yangu Jumwa,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nimeichoma kwa usalama wako.

Nimefikiri kama mkubwa wa nyumba. Tarehe 13 nitawaambia wazee una kidonda cha tumbo, tuisogeze siku mbele, na tena mbele, mpaka wachoke. Purity asijue, ana mengi ya kumliza. Gladys imenibidi nimwambie, ni mke wangu, na ameahidi kunyamaza.

Ukija huku, na uje usione haya, tumekutengea sahani na kikombe. Ruwa anakuletea uvione. Ni vya bati, vya buluu, vizuri. Gladys ameandika jina lako kwa rangi ya kucha ili wajukuu wasichanganye. Usilichukulie vibaya, ni usafi tu. Na ile biashara ya viazi ungeipumzisha kidogo kwa ajili ya watu.

Mungu atakuponya.

Kaka yako,
Changawa


Junda
Alhamisi, 4 Desemba 2025

Kaka Changawa,

Ruwa anakurudishia kikombe chako, kimefungwa kwenye karatasi ya mkate. Sahani nimeibakiza. Naitilia pilipili ya wateja, wanachovya kila siku na wote wako hai.

Nakushukuru kwa jambo moja. Barua yako ilinipandisha hasira mpaka nikapata nguvu ya kwenda nilikokuwa naogopa kwenda. Jumatatu iliyofuata nilifika kituoni wakati wanafungua. Karani akaanza mnada wake. Nikamwendea mezani, nikamwambia, "Niite kwa jina langu. Dawa zangu si jina." Akasema kazi yake ni kupanga watu. Nikamwambia basi anipange mimi, Jumwa, na kila mtu pale barazani akasikia mimi ni nani na nimefuata nini. Unajua walifanya nini? Mzee mmoja akanisogezea kiti. Mama mwenye mtoto wa chanjo akaendelea kumnyonyesha. Miezi minne nimejinyima dawa kwa kuogopa watu wale.

Sista Pascalia, muuguzi, alinimulika mdomoni kwa tochi. Akasema ni fangasi, na fangasi hawa wanaishi midomoni mwa watu wengi bila shida, wako hata kwako wewe pengine. Kinga ya mwili ikishuka ndipo wanatamba. Kwangu walikuwa wameshateremka hadi kwenye njia ya chakula, na ile rangi ya zambarau isingewafikia hata ningeinywa chupa nzima. Akanigombeza kuhusu ile miezi minne hadi nikainamisha kichwa, na alikuwa na haki. Wakanipima damu na kifua, wakanipa vidonge vya fangasi vya wiki mbili, na vile vyangu vya kila siku wakanirudishia.

Siku ya tano nilikunywa uji nikagundua nimeutia sukari nyingi. Nilikaa jikoni nikalia kwa sababu ya sukari.

Kwa hiyo usiwaambie wazee habari za tumbo. Nimeshasema uwongo wa jino, unatosha. Tarehe 13 nitakwenda kwa Mzee Mramba kwa miguu yangu. Viazi sipumzishi. Wewe njoo ukae upande wangu, au usije, uamue.

Jumwa


Junda
Jumatatu, 15 Desemba 2025

Kaka,

Watu walikuulizia. Gladys akasema una zamu bandarini. Sijui ilikuwa meli gani hiyo isiyoweza kumngoja mtu siku moja.

Kwa kuwa hukuwepo, nitakusimulia. Papai lililetwa kwenye ungo, limeiva vizuri. Mzee Mramba akalisomea, akakata kipande, akanipa. Wake wa kina Mwarandu walinikodolea macho mdomoni mpaka nikataka kuwafunulia wahesabu meno. Nikala. Nikameza. Nikaomba kipande cha pili, kwa sababu lilikuwa tamu na sikuwa nimeonja papai tangu Agosti. Wakapiga vigelegele. Mzee Mramba akatangaza kwamba papai limesema kweli na nyumba yetu ni safi.

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Maana papai lile lile mngenilisha mwezi uliopita lingenihukumu. Mimi ni yule yule na tunda ni lile lile. Kilichobadilika ni vidonge vya wiki mbili. Ningeweza kunyamaza, Kaka. Walikuwa wameshanisafisha, Purity angeolewa, wewe ungepumua, nami ningerudi kwenye karai langu. Lakini nikamfikiria mwanamke atakayeletwa kwenye ungo ule baada yangu, naye mdomo mbovu na hana wa kumsemea.

Nikasimama nikawaambia, "Mnashangilia papai. Aliyenisafisha ni muuguzi. Nina virusi vya Ukimwi, mdomo wangu ulikuwa na fangasi, na mngenileta hapa mwezi uliopita mngeniua kwa kuugua kwangu."

Wanawake wawili wakainuka wakaenda zao, mmoja amemshika mtoto mkono. Gladys wako aliinamisha macho, lakini hakuondoka, nataka ulijue hilo. Mzee Mramba akaanza kufunika papai lake na jani, taratibu. Nilidhani ndiyo mwisho wa posa, na nikaona nimemharibia Purity kwa ukaidi wangu. Kisha Mzee Mwarandu akauliza, bila kumtazama mtu, kama ule mnazi waliokuja nao tena utanywewa au watarudi nao.

Kibuyu kikaletwa kwangu. Nikavuta tone moja kama ipasavyo, nikasema ni salama, nikampa Purity. Palikuwa na kitambaa safi pembeni, wanawake walikiweka makusudi kwa kufutia mrija. Purity alikiona. Hakukigusa. Aliutia mrija mdomoni pale pale ulipotoka kwangu, akanywa mpaka Felix akamwambia abakishe. Felix akanywa. Mzee Mwarandu akautazama mrija muda mrefu, hata nikaanza kumhurumia. Mwishowe akasema mnazi unazidi kuchacha, akanywa na yeye.

Baada ya hapo nilimuuliza Purity kama hakuogopa. Akaniambia alijua tangu barua yako ya kikombe, maana alimwona mama yake akiandika jina langu kwa rangi ya kucha, akamuuliza, akaambiwa. Wiki tatu alijua. Na wewe ulikuwa unamlinda.

Binti yako ana miaka ishirini na mitano, na amefanya mbele ya watu kile ambacho wewe ulishindwa kufanya ukiwa peke yako na barua yangu.

Jumwa


Chaani
Alhamisi, 18 Desemba 2025

Dada yangu Jumwa,

Marahaba. Najua safari hii hukunisalimu. Naijibu ile ya tarehe 12 Novemba, niliyoiacha hewani.

Hapakuwa na meli. Nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na geti la bandari tangu asubuhi, na sikuwa na zamu. Nilijiambia naogopa kukuona ukilitema. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa kuonekana nimekaa upande wako.

Jana nilikwenda kumtafuta Mwangi. Bado yuko hapa hapa Chaani, mtaa wa nyuma, miaka yote hii. Sikujua niseme nini, nikamuuliza habari za kuku wake. Akanijibu za kuku. Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

Gladys amejaribu kulikwangua jina lako kwenye kile kikombe kwa kisu, halitoki. Akataka kukitupa, nikakataa. Nimekiweka kabatini na vingine, na wajukuu wanakichukua kama kawaida. Leo asubuhi kiliniangukia mimi, nikanywea chai.

Kina Mwarandu wanarudi Jumapili kupanga siku ya harusi. Purity amesema usipokuja hatatoka chumbani, na namwamini. Njoo mapema unywe chai. Kabati liko wazi, utachukua kikombe chochote. Hakuna ulichotengewa.

Kaka yako,
Changawa